Maswali ya Wasomaji: Toleo Lipi la Santuri Linastahili Fedha Zangu?

Barua za mwezi huu karibu zote zimeelekea upande mmoja. Wasomaji wetu wanaopenda roki ya miaka ya 1960 na 1970 wanataka kujua ni toleo lipi linalostahili kununuliwa kati ya matoleo mengi ya wapenzi wa sauti safi, yanayochapwa upya ng'ambo na kufika Nairobi kwa bei ya kutisha. Tumechagua barua chache na kuzifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha.

Swali: Ndugu Mhariri, ninazo nakala mbili za The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd. Moja ni toleo la 2016 nililonunua jipya, nyingine ni la 2003 niliyouziwa na rafiki aliyehamia Mombasa. Mjomba wangu ana toleo la Mobile Fidelity la 1979, naye husema mbele ya watu kwamba hizo zangu mbili ni takataka. Tutaamuaje jambo hili bila kugombana? *Msomaji, Lang'ata*

Jibu: Mpwa hamshindi mjomba kwa maneno, kwa hiyo tuanze na yale ambayo hata yeye hatayabishia. Albamu hiyo ilirekodiwa katika studio za Abbey Road jijini London kuanzia 1972 hadi mwanzoni mwa 1973, fundi wa mitambo akiwa Alan Parsons, na ikatoka Machi 1973. Nakala zenu zote tatu zimetokana na uchanganyaji uleule wa stirio. Hakuna aliyeongeza gitaa wala kupunguza ngoma. Kinachozitofautisha ni kanda iliyotumiwa, mikono iliyorekebisha sauti kabla ya kuichonga, mashine ya kuchongea, na kiwanda kilichochapa. Mtu anayesema kwamba toleo fulani ni bora bila kugusa hata kimoja kati ya hivyo vinne huwa anazungumzia jalada.

Nakala ya mjomba ilichongwa kwa nusu kasi, njia ambayo Mobile Fidelity, kampuni ya California, ilijijengea jina kwayo mwishoni mwa miaka ya 1970. Kanda huchezwa kwa nusu ya kasi yake ya kawaida, na sahani inayochongwa nayo huzungushwa kwa nusu ya kasi, hivi kwamba kichwa cha kuchongea hupata muda maradufu wa kuzichora sauti za juu, kama zile za matoazi, ambazo mitikisiko yake ni ya haraka mno. Faida hiyo ina gharama, kwa kuwa sauti za chini nazo hushuka kwa nusu wakati wa kuchonga, zikaingia katika eneo ambalo mitambo ya kanda huzibeba kwa shida. Kwa masikio yangu, matokeo yake yanasikika wazi kwenye nakala hiyo: saa zinazolia mwanzoni mwa wimbo "Time" humetameta na kutawanyika chumbani kuliko katika toleo lolote jingine nililolisikia, lakini mapigo ya moyo yanayofungua albamu hayana kifua. Mjomba anapenda saa, na hilo si kosa.

Toleo la 2003, lililotolewa kuadhimisha miaka 30 ya albamu, lilichongwa na Doug Sax na Kevin Gray, mafundi wawili ambao majina yao pekee huwafanya baadhi ya watu wafungue mkoba. Lile la 2016 lilishughulikiwa na James Guthrie na Joel Plante wakishirikiana na Bernie Grundman. La 2003 nalisikia kuwa zito zaidi chini, na besi ya Roger Waters katika "Money" inasimama kwa miguu yake. La 2016 ni tulivu, lina uwiano mzuri, na halina cha kulaumiwa isipokuwa kwamba limejizuia kidogo. Ningelazimishwa kubaki na moja ningebaki na la 2003, ingawa tofauti baina ya hayo mawili ni ndogo kuliko bei za wauzaji zinavyodai.

Sasa kuhusu kuamua. Ugomvi mwingi wa aina hii hutokana na jambo moja ambalo watu hulipuuza: santuri hazikuchongwa kwa kiwango kimoja cha ukubwa wa sauti. Ikiwa moja inatoka kubwa kuliko nyingine hata kwa desibeli moja tu, sikio halitakwambia kwamba hii ni kubwa zaidi, bali litakwambia kwamba hii ni nzuri zaidi, ina uhai zaidi, ina besi zaidi. Kwa hiyo chagueni sehemu moja ya wimbo, pimeni ukubwa wake kwa programu ya kupima sauti iliyo kwenye simu, simu ikiwa imewekwa pale pale kila mara, kisha mrekebishe amplifaya hadi nakala zote tatu zisomeke sawa, na mkumbuke alama ya kila moja. Tumieni mashine moja na sindano moja. Safisheni sahani zote tatu kabla ya kuanza, na mtu wa tatu, labda mke wa mjomba, abadilishe sahani huku ninyi wawili mkiipa mashine mgongo.

Msisikilize albamu nzima. Sikilizeni pale palipo na mtihani. Mapigo ya moyo ya mwanzo yanawaonyesha kelele ya plastiki yenyewe, kwa kuwa yanaanza karibu na ukimya. Mtihani mgumu zaidi uko mwishoni mwa upande wa kwanza, ambako Clare Torry anaimba bila maneno katika "The Great Gig in the Sky". Sahani inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika hupita chini ya sindano kwa kasi ya takriban sentimita 50 kwa sekunde ukingoni, na karibu sentimita 20 tu ikifika karibu na lebo. Sauti ileile, basi, inabanwa katika urefu wa mfereji (ule mstari uliochongwa ambao sindano huufuata) usiofikia nusu ya ule wa mwanzo, na hapo ndipo sauti ya mwanamke anayeimba kwa nguvu zake zote huanza kukwaruza ikiwa sahani ilichongwa ovyo au sindano imechoka. Nakala itakayompitisha Clare Torry salama ndiyo iliyotengenezwa vizuri, na hata mjomba atalazimika kunyamaza ikiwa si yake.

Swali: Nilipata Rumours ya Fleetwood Mac, nakala ya Marekani ya 1977, kwenye kibanda kimoja cha Kenyatta Market kwa fedha zisizozidi chakula cha mchana cha watu wawili. Duka jingine linaniuzia toleo la sahani mbili za kasi ya 45 kwa bei iliyo mara nyingi zaidi ya hiyo. Kuna tofauti ya kweli, au nitalipia zoezi la kuinuka kila baada ya nyimbo tatu? *Msomaji, Ngara*

Jibu: Tofauti ipo, na chanzo chake ni hesabu ile niliyompa msomaji wa Lang'ata. Ukizungusha sahani mara 45 kwa dakika badala ya 33⅓, kila sekunde ya muziki hupata mfereji mrefu zaidi kwa asilimia 35, na kwa sababu nyimbo zimegawanywa katika pande nne, hakuna wimbo unaolazimika kujibana karibu na lebo. Toleo hilo, ambalo kwa kawaida ni lile la 2011 lililochongwa na Steve Hoffman na Kevin Gray kutoka kanda ya analogi, yaani ya sumaku isiyopitia tarakimu za kompyuta, linaonyesha faida hiyo mahali panapotarajiwa. Katika nakala yako ya 1977, "Songbird" unafunga upande wa kwanza na "Gold Dust Woman" unafunga wa pili. Sikiliza herufi za "s" anazozitamka Stevie Nicks katika huo wa pili. Ikiwa zinatoka kama maji yanayomwagika kwenye kikaango cha moto, toleo la 45 litakuponya. Zikitoka safi, huna ugonjwa.

Kuna jambo jingine kuhusu albamu hii ambalo wauzaji hawalitaji. Sehemu kubwa ilirekodiwa mwaka 1976 katika studio ya Record Plant huko Sausalito, California, na kundi lilirudia na kuongeza sauti mara nyingi mno, hadi unga wa sumaku ulio juu ya kanda ukaanza kubanduka na sauti za juu zikafifia. Mafundi waliokolewa na kanda ya pili iliyokuwa imerekodiwa sambamba na kuwekwa kando bila kuguswa. Ngoma za msingi zikachukuliwa huko na kuoanishwa na sauti zilizoongezwa baadaye. Kilichofika kwenye kanda kuu (ile ya mwisho ambayo santuri huchongwa kutokana nayo), kwa hiyo, tayari kilikuwa kimepita njia ndefu, na hakuna fundi wa 2011 wala wa mwaka wowote anayeweza kurudisha kilichobanduka kule Sausalito.

Nakala nzuri ya Marekani ya 1977 haina haja ya kuona haya mbele ya toleo la 45. Ngoma za Mick Fleetwood zina nafasi zaidi kwenye toleo jipya, na besi ya John McVie katika "The Chain" inashikika, lakini ningelinunua tu ikiwa yako imekwaruzika au tundu lake la katikati halikutobolewa sawasawa. Hilo la tundu utalijua kwa kinanda cha "Songbird": noti zake ndefu zikiyumba, zikipanda na kushuka polepole kwa kila mzunguko, tundu liko kando, na hakuna sindano ya bei yoyote itakayolirekebisha. Kwa bahati mbaya santuri mpya nazo huja na tatizo hilo, za bei kubwa zikiwemo, kwa hiyo usitupe risiti.

Swali: Nimekuwa nikiweka akiba kwa ajili ya One-Step moja, santuri ya kifahari ya Mobile Fidelity. Binamu yangu ananiambia nisithubutu, kwa kuwa kampuni hiyo ilikamatwa ikitumia dijitali huku ikiwauzia watu maneno ya analogi. Je, ni kweli? Na ikiwa ni kweli, je, santuri iliyopitia dijitali ina maana gani, si afadhali nisikilize simu? *Msomaji, Kasarani*

Jibu: Ni kweli. Mnamo Julai 2022 mwenye duka moja la santuri huko Phoenix, Arizona, alitangaza kwenye video kwamba amesikia kuwa kampuni hiyo haichongi moja kwa moja kutoka kwenye kanda kuu, na muda mfupi baadaye wahandisi wa kampuni wenyewe wakathibitisha. Tangu 2011 walikuwa wakitumia, kwa baadhi ya matoleo na hatimaye kwa mengi, hatua ya dijitali ya aina inayoitwa DSD kati ya kanda na mashine ya kuchongea. Wanunuzi walikwenda mahakamani nchini Marekani na kesi ikaishia kwenye suluhu iliyothaminiwa kuwa takriban dola milioni 25.

Inafaa kuelewa kwa nini walifanya hivyo. Santuri ya kawaida hupitia ukoo mrefu: sahani laini ya laka huchongwa, hupakwa fedha na kuzamishwa katika nikeli ili kupata nakala ya chuma iliyo kinyume, ambayo humzaa "mama", nakala nyingine ya chuma, naye mama huzaa kalibu nyingi za kuchapia. One-Step huruka ngazi mbili, ile nakala ya kwanza ya chuma ikatumiwa yenyewe kama kalibu. Kelele hupungua, lakini kalibu moja huchapa takriban nakala elfu moja tu, na ikichakaa lazima laka nyingine ichongwe. Kampuni ilipotangaza nakala 40,000 za Thriller ya Michael Jackson kwa njia hiyo, watu wanaojua hesabu walianza kujiuliza kanda kuu ya 1982 ingechezwa mara ngapi, na ni mwenye kanda gani angekubali. Isitoshe, kampuni za muziki haziruhusu tena kanda kuu zitoke ghalani kiholela. Moto wa 2008 katika eneo la studio za Universal, Los Angeles, uliteketeza kanda nyingi ambazo hazitapatikana tena. Kwenda ghalani na mashine, kuinakili kanda pale pale kwa DSD na kuondoka na nakala kulikuwa na mantiki yake. Kasoro ilikuwa kuwaacha wanunuzi waamini vingine.

Lakini kuna swali ambalo binamu yako halijibu. Kwa zaidi ya miaka kumi watu wenye mashine za thamani ya gari walizisifu santuri hizo, wengi wao wakiapa kwamba wanaitambua dijitali kwa sekunde chache, na hakuna aliyeisikia. Mimi nachukulia hilo kuwa ushahidi kwamba hatua moja ya dijitali iliyofanywa kwa uangalifu si maafa, na kwamba ukweli wa kibandiko ni jambo moja ilhali uzuri wa sauti ni jambo jingine. Ukinunua kibandiko, una haki ya kudai ukweli. Ukinunua sauti, sikiliza.

Mifano miwili itakusaidia kuona jinsi mambo haya yanavyochanganyika. Mwaka 2012 albamu za The Beatles zilitolewa kwa santuri za stirio zilizotokana na mafaili ya dijitali yaliyokuwa yameandaliwa kwa ajili ya sidii za 2009. Mwaka 2014 zikatoka zile za mono (sauti ya njia moja, isiyogawanywa kushoto na kulia), ambazo Sean Magee na Steve Berkowitz walizichonga Abbey Road moja kwa moja kutoka kwenye kanda. Za mono ni bora kwa mbali, na watu wengi huzitaja kama ushindi wa analogi. Mimi sina hakika kwamba ushindi wote ni wa kanda, kwa kuwa uchanganyaji wa mono ndio ambao kundi lenyewe liliutilia maanani siku zile, na wa stirio mara nyingi ulifanywa baadaye kwa haraka. Aliyelinganisha mikusanyiko hiyo miwili amelinganisha vitu viwili kwa wakati mmoja.

Mfano wa pili ni Brothers in Arms ya Dire Straits. Albamu hiyo ya 1985 ilirekodiwa kwa mashine ya dijitali tangu mwanzo, kwa hiyo kutafuta toleo lake la analogi tupu ni kutafuta kisichokuwapo. Hata hivyo santuri yake mpya ina faida ya wazi: ya 1985 ilikuwa sahani moja, na nyimbo kadhaa zilikatwa ili zienee, wakati sidii yake ilikuwa na dakika 55 kamili. Matoleo ya sasa ya sahani mbili yamerudisha nyimbo kwa urefu wake.

Kuhusu akiba yako, One-Step huuzwa Marekani kwa takriban dola 125, kabla ya nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 itakapofika hapa. Mfululizo wa Rhino High Fidelity, ulioanza 2023 na albamu ya kwanza ya The Cars ikiwa miongoni mwa matoleo yake ya mwanzo, huchongwa na Kevin Gray kutoka kanda za analogi, huchapwa Ujerumani, na bei yake ilianzia karibu dola 40. Ningekuwa wewe ningeanzia huko, na fedha zitakazobaki zingoje.

Swali: Je, santuri ya gramu 180 ina sauti bora kuliko ya kawaida? *Msomaji, Rongai*

Jibu: Hapana. Mfereji una kina kilekile katika sahani ya gramu 120 na katika ya gramu 180. Sahani nzito haipindiki kwa urahisi, na mkononi inapendeza. Hayo ndiyo yote.

Swali: Shemeji yangu aliyeko Marekani alinitumia mashine nzuri ya santuri iliyotumika, ya miaka ya 1970. Niliiunganisha kwa transfoma ya kushusha umeme kama fundi alivyonishauri, nayo inafanya kazi. Lakini santuri mpya niliyoinunua kwa bei ghali inasikika kama waimbaji wameamshwa usingizini. Nikidai nirudishiwe fedha nitakuwa na haki? *Msomaji, South C*

Jibu: Usimsumbue muuzaji. Jaribu santuri yoyote ya zamani unayoifahamu, hata ya benga, na utagundua kwamba nayo imeshikwa na usingizi.

Transfoma imeshusha umeme wa Kenya kutoka volti 240 hadi zile ambazo mashine inazitaka, lakini haikugusa idadi ya mizunguko ya umeme huo. Umeme wa Marekani huzunguka mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50, na mashine nyingi za wakati ule zilikuwa na mota inayofuata mizunguko ya umeme kama askari anavyofuata ngoma ya gwaride. Ikipewa 50 badala ya 60, mota huenda kwa sehemu tano kati ya sita za kasi yake. Mizunguko 33⅓ kwa dakika inakuwa karibu 27.8, na muziki wote unashuka kwa nusutoni tatu hivi, tofauti ambayo hata asiye mwanamuziki huisikia mara moja.

Tiba hutegemea muundo wa mashine. Kwa zile za mkanda, mara nyingi kulikuwa na puli mbili tofauti, ya nchi za mizunguko 60 na ya nchi za mizunguko 50, iliyo nene zaidi. Puli hiyo yaweza kuagizwa, au fundi mzuri wa lathe akaichonga, mradi vipimo viwe sahihi kabisa. Njia nyingine ni kifaa cha kuzalisha umeme wa mizunguko 60 kwa ajili ya mota peke yake. Mashine zinazozungushwa moja kwa moja na mota ya umeme mnyoofu, kama Technics SL-1200 ambayo madijei wetu wanaifahamu vizuri, hazisumbuliwi na jambo hili, ila volti zake bado zinahitaji kuangaliwa kabla ya kuchomeka waya ukutani.

Swali: Nina shilingi elfu ishirini na mapenzi makubwa ya Led Zeppelin. Mashine yangu ni ya kawaida, sindano ni ile iliyokuja nayo miaka mingi iliyopita. Nizitumie zote kwa toleo moja la kifahari, au unanishauri vipi? *Msomaji, Buruburu*

Jibu: Sindano kwanza, rafiki yangu, na sisemi hivyo kwa kukuzuia raha. Sindano iliyochakaa haitakuonyesha tofauti kati ya toleo la kifahari na la kawaida, na itaichimba ile ya kifahari siku ileile ya kwanza. Katriji (kifaa kinachoibeba sindano) ya kiwango cha kati kama AT-VM95E ya Audio-Technica, ikiwa na mzigo wa gramu 2 juu ya sindano uliopimwa kwa mizani ndogo na si kwa kukisia, inatosha kabisa kwa mashine ya kawaida, na sindano yake hubadilishwa bila kununua katriji nzima.

Kisha usafi. Vumbi letu jekundu la miezi ya kiangazi huingia mferejini hata santuri ikiwa ndani ya jalada, na nusu ya mchakacho ambao watu huulaumu uzee wa sahani ni vumbi lililoshindiliwa na sindano. Brashi laini, maji yaliyosafishwa na tone la sabuni isiyo na manukato vinaweza kufufua nakala iliyodharauliwa. Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli hufaa, ila soma chupa vizuri na uhakikishe kwamba ni maji na si asidi, kwa maana zote mbili hukaa kwenye rafu moja. Suuza, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na usiiloweshe lebo.

Kitakachobaki mfukoni kipeleke sokoni badala ya kukiagizia toleo la kifahari, ukiwa na tochi ya simu. Katika eneo tupu lililo kati ya wimbo wa mwisho na lebo, kila santuri ina maandishi madogo yaliyokwaruzwa na fundi aliyeichonga au kugongwa kwa muhuri, na maandishi hayo ni ya kuaminika kuliko kibandiko chochote cha jaladani. KPG ni Kevin Gray, BG ni Bernie Grundman. George Peckham wa Uingereza hakutosheka na herufi. Aliandika "A Porky Prime Cut".

Kwa mpenzi wa Led Zeppelin zipo herufi mbili za kukariri. Albamu yao ya pili ilipotoka Oktoba 1969, nakala za kwanza za Marekani zilichongwa New York na Robert Ludwig, aliyekuwa bado kijana, akaichonga kwa sauti kubwa na besi yote iliyokuwa kwenye kanda. Ilikuwa kubwa mno kwa mashine za bei rahisi, sindano zikawa zinaruka, na kampuni ikaamuru ichongwe upya kwa upole. Zile za kwanza zina "RL" kwenye eneo tupu. Toleo la 2014, ambalo lilitokana na mafaili ya dijitali yaliyoandaliwa na John Davis chini ya usimamizi wa Jimmy Page, ni zuri na tulivu, na ningelipendekeza kwa yeyote anayetaka nakala mpya isiyo na makwaruzo. Lakini "Whole Lotta Love" kwenye nakala ya Ludwig inasukuma hewa chumbani kwa namna ambayo toleo hilo haliijaribu kamwe. Wauzaji wa ng'ambo wanazijua vizuri na bei zake zimepanda sana. Ukikutana na albamu hiyo sokoni, yenye lebo ya Atlantic na iliyochapwa Marekani, angalia pande zote mbili kabla ya kuuliza bei, kwa sababu zipo zenye herufi hizo upande mmoja tu, na uulize bei ukiwa umeshaizima tochi.